Kijana Mwenye Alama za Katikati na Uchaguzi wa Chuo

Matokeo ya mtihani wa KCSE yatolewapo, habari zake hufika Sondu upesi sana. Haipiti siku moja ila kila nyumba, upande wa Nyakach na upande wa Kericho, imekwisha kujua mtoto wa nani amepata nini. Aliyepata A hutajwa kanisani, na aliyeanguka kabisa huhurumiwa. Lakini yuko kijana wa tatu, na walio kama yeye ni wengi mno: yule aliyepata C+, C au C-. Huyo hasifiwi wala hahurumiwi. Watu humwuliza tu, "Sasa utakwenda wapi?" naye hana la kujibu.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kijana huyo na wazazi wake. Si haba wazazi ambao wameuza ng'ombe, na hata kipande cha shamba, ili mtoto aende katika chuo ambacho alama zake hazikukielekea, au katika kozi ambayo hakuna aliyejua mwisho wake ni kazi gani. Baada ya mwaka mmoja au miwili mtoto amerudi nyumbani mikono mitupu, ng'ombe hayupo, na wadogo zake wanangoja karo. Hasara ya namna hiyo haitokani na uvivu wa kijana. Hutokana na uchaguzi uliofanywa kwa haraka, usiku wa mwisho kabla ya fomu kufungwa, katika duka la kompyuta, kwa shauri la mtu asiyejua alama za mtoto zaidi ya ile moja iliyo juu ya karatasi.

Kwanza yafaa tujue kwamba kijana huyo hayuko peke yake. Mtihani wa mwaka 2024 ulifanywa na watahiniwa 962,512. Waliopata A walikuwa 1,693 tu. Waliopata C+ na kupanda, yaani wale walioweza kuomba nafasi ya digrii, walikuwa 246,391, mmoja katika kila wanne. Basi mzazi asemaye kwamba mtoto wake mwenye C "ameshindwa" humwonea, maana watatu katika kila wanne nchini Kenya hawakufikia C+.

POINTI MOJA

Na tuwatazame vijana wawili wa mfano, msichana na mvulana, waliosoma darasa moja katika shule ya kutwa karibu na Sondu. Hatutawapa majina, kwa kuwa wako wengi walio kama wao.

Kila alama katika mtihani ina pointi zake. A ni 12, kisha hushuka moja moja mpaka E ambayo ni 1. Tangu mtihani wa mwaka 2023, jumla hufanywa kwa masomo saba: Hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano aliyoyafanya vizuri zaidi. Saba mara 12 ni 84, na hicho ndicho kilele. Mwenye jumla ya pointi 46 mpaka 52 hupata C+. Mwenye 39 mpaka 45 hupata C.

Msichana wetu amepata B katika Kiswahili, B- katika Jiografia, C+ katika Kiingereza na Biolojia, C katika Biashara, C- katika Kemia, na D+ katika Hesabu. Ukijumlisha utapata pointi 46. Amepata C+, na nyumbani kwao pamechinjwa kuku.

Mvulana amepata B- katika Fizikia, C+ katika Hesabu na Jiografia, C katika Kiingereza, Kemia na Biashara, na C- katika Biolojia. Jumla yake ni pointi 45. Amepata C. Kwao hapakuchinjwa kitu, na baba yake mdogo amekwisha kusema kwamba afadhali arudie kidato cha nne.

Kati ya hao wawili pana pointi moja tu. Sheria ya kuingia vyuo vikuu hailitazami jambo hilo kwa huruma: mwenye 46 aweza kuomba digrii, mwenye 45 hawezi. Lakini sheria hiyo haisemi kwamba msichana ana akili na mvulana hana. Tazama Hesabu na Fizikia zao. Kazi ikiwa ni ya mitambo au ya umeme, mvulana ndiye aliye tayari. Hapa ndipo kosa la kwanza lifanywapo katika nyumba nyingi: watu husoma ile alama ya jumla na kuikunja karatasi, hali masomo yaliyo chini yake ndiyo yanayoonyesha njia.

Kwa hiyo kabla ya kutaja jina la chuo chochote, kaeni mezani na karatasi ya matokeo, mwandike kila somo na alama yake. Kisha ulizeni ni kozi zipi zinazotaka masomo yale ambayo mtoto amefanya vizuri. Chuo hufuata baadaye. Kozi ndiyo itakayomlisha mtoto miaka 30, nacho chuo atakaa miaka mitatu au minne tu.

NJIA ZILIZOKO

Kwa mtihani wa KCSE, ambao kundi la mwisho la 8-4-4 litaufanya mwaka 2027, ngazi zimepangwa hivi kwa kawaida. C+ hufungua mlango wa digrii. C- hufungua diploma. D hufungua kozi za cheti. Walio chini ya hapo wana kozi za ufundi wa mkono, na mitihani ya ufundi isimamiwayo na NITA, ambayo hata fundi aliyejifunza kazi chini ya mwembe aweza kuifanya. Lakini hizo ni alama za mlangoni tu. Ndani ya kila ngazi, kozi ina masharti yake ya masomo.

Msichana wetu, kwa mfano, ataka kuwa mwuguzi. Mama yake amekwisha kuwaambia wanawake wenzake sokoni, wanapopanga mananasi, kwamba binti anakwenda chuo kikuu kusomea uuguzi. Jambo hilo haliwezekani. Digrii ya uuguzi hutaka pia alama nzuri katika Kemia, na katika Hesabu au Fizikia, na C- yake ya Kemia na D+ ya Hesabu hazitoshi. Akijaza uuguzi wa digrii katika nafasi zake zote atakuwa amezitupa nafasi hizo. Lakini Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, kiitwacho KMTC, ambacho kilianza mwaka 1927 na leo kina matawi katika nchi nzima pamoja na Kisumu, hufundisha uuguzi kwa diploma. Masharti yake yamekuwa ni wastani wa C, na C katika Biolojia, na C katika Kiingereza au Kiswahili, na C- katika mojawapo ya Kemia, Fizikia au Hesabu. Msichana huyu anayo yote. Mwuguzi wa diploma huandikishwa na Baraza la Wauguzi, huvaa sare ile ile, huchoma sindano ile ile, na akitaka aweza kuendelea na digrii baadaye akiwa kazini.

Hata hivyo asidhani kwamba kutimiza masharti ni kupata nafasi. Waombaji wa uuguzi ni wengi kupita vitanda na madarasa, na chuo huchukua walio juu kwanza. Ndiyo maana asiweke yai lake katika kikapu hicho kimoja. Kiswahili chake ni B na Jiografia yake ni B-. Tume ya Walimu, yaani TSC, kwa ualimu wa shule ya sekondari imetaka C+ ya jumla na C+ katika masomo mawili ya kufundishia, naye amezipita. Basi digrii ya ualimu ni njia halali kwake. Twasema njia halali, hatusemi njia ya mkato: walimu wengi waliokwisha kufuzu wangali wanangoja TSC iwaajiri, na wazazi yafaa walijue hilo kabla, si baada ya miaka minne.

Mvulana njia yake iko wazi zaidi kuliko baba mdogo wake adhaniavyo. Kwa alama zile aweza kuomba diploma ya umeme, ya mitambo au ya ujenzi katika Politekniki ya Taifa ya Kisumu, kama kilomita 50 kutoka Sondu, au ile ya Kisii upande wa pili wa barabara hiyo hiyo. Wala hana haja ya kwenda mbali kuona kazi ya umeme ilivyo. Maji ya mto Sondu yanageuza mitambo ya Sondu-Miriu yenye nguvu ya megawati 60, na chini yake iko Sang'oro yenye megawati 21. Mitambo ile hutunzwa na mafundi pamoja na wahandisi, na fundi mwenye diploma ana mahali pake pale kama mhandisi alivyo na pake.

Hapa twaomba ruhusa ya kusema neno juu ya jina la politekniki. Wazee wengi wakisikia neno hilo hufikiri mahali pa watoto walioanguka darasa la saba. Fikira hiyo ina chanzo chake. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti juu ya watoto waliomaliza shule ya msingi na kukosa pa kwenda, na katika miaka iliyofuata zikaanzishwa politekniki za vijiji ili wafundishwe useremala, uashi na ushonaji. Zilifanya kazi njema. Lakini politekniki ya taifa ni chuo cha namna nyingine, chenye diploma na karakana kubwa, na kijana wa C aingiaye humo hajashuka cheo. Mzazi anayemficha mtoto wake kwa majirani kwa sababu ya neno moja humwanzisha safari na aibu isiyo yake.

KIWANGO CHA MWISHO NI NINI

Nafasi za vyuo vikuu vya umma, vyuo vya ufundi na KMTC hutolewa siku hizi na shirika la Serikali liitwalo KUCCPS, lililoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Kabla yake ilikuwako Bodi ya Pamoja iliyochagua kwa kuhesabu vitanda, na katika miaka hiyo wengi wenye C+, hata wenye B-, waliachwa nje. Wazazi waliosoma zamani hizo bado hukumbuka, na ndiyo sababu wengine huona C+ ni kitu bure. Mambo yamebadilika.

KUCCPS huchukua pointi za masomo manne yanayohusu kozi, huziunganisha na jumla ya masomo saba, na kupata hesabu moja ambayo kilele chake ni 48. Hesabu hiyo kila mwanafunzi huiona katika ukurasa wake mwenyewe afunguapo kwa simu au kompyuta, na kwa kila fungu la kozi hesabu yake huwa tofauti. Kando ya kila kozi huandikwa pia kiwango cha mwisho cha miaka iliyopita.

Kiwango hicho huwatatiza watu wengi. Wengine hudhani wakubwa wa chuo hukaa na kukipanga. La, sivyo. Kiwango cha mwisho ni hesabu ya yule mwanafunzi aliyeingia wa mwisho kabisa, nafasi zilipokwisha. Kama kozi ina nafasi 100, wakapangwa waombaji kuanzia wa juu, hesabu ya yule wa mia ndiyo kiwango. Mwaka ufuatao wakiomba wengi wenye alama kubwa, kitapanda. Wakiomba wachache, kitashuka. Basi hicho si ahadi, ni alama ya mguu wa mtu aliyepita. Lakini mwenye busara akiona alama za miguu ya miaka miwili au mitatu hujua njia inakoelekea.

Tena kozi moja huwa na viwango mbalimbali katika vyuo mbalimbali. Ualimu katika chuo kikubwa cha Nairobi huvutia maelfu, kwa kuwa kila mtu ataka kuona mji. Ualimu ule ule, wenye cheti kinachotambuliwa na TSC ile ile, hufundishwa Maseno, Kisii, Kabianga upande wa Kericho, na Bondo katika Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga. Mwanafunzi wa katikati aendaye mahali ambapo msongamano ni mdogo hajapunguza kitu katika elimu yake, na mara nyingi amepunguza nauli.

Fomu ina nafasi za kuchagua kutoka ya kwanza mpaka ya nne, na ile ya kwanza imegawanywa mara tatu. Twashauri zijazwe hivi. Chaguo moja liwe la tumaini, ambapo kiwango cha mwaka uliopita kilikuwa juu kidogo ya hesabu ya mtoto; kidogo, si mbali. Machaguo yaliyo mengi yawe mahali ambapo hesabu yake inalingana na kiwango au inakipita kidogo. Na moja liwe mahali ambapo amekipita sana, nalo liwe mahali ambapo kweli atakubali kwenda. Sharti hilo la mwisho ndilo lisahauliwalo. Vijana hujaza nafasi ya nne kwa kozi yoyote ili fomu ikubali, kisha jina likitokea hapo hulia. Kompyuta haijui kwamba ulikuwa ukitania.

Akikosa yote, si mwisho. KUCCPS hufungua tena mlango kwa waliokosa, ili wachague katika nafasi zilizobaki. Katika mlango huo wa pili ndimo haraka inamowaponza watu. Kozi zilizobaki bila waombaji zina sababu ya kubaki. Nyingine ni njema na hazijulikani tu; nyingine zina majina marefu ya kupendeza na hakuna mwajiri anayezijua. Uliza mwalimu, uliza mtu aliyeajiriwa katika kazi hiyo, na kama hakuna aliyewahi kumwona mtu mwenye kazi hiyo, fikiri mara mbili.

FEDHA

Hesabu ya alama ikiisha, iko hesabu ya mfuko, nayo huwashinda wengi zaidi ya ile ya kwanza.

Kwa miaka mingi mpaka 2023, mwanafunzi wa Serikali katika chuo kikuu cha umma alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Kwa vyuo vya ufundi vya umma, utaratibu wa mwaka 2018 uliweka karo shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ilitoa 30,000, na zile 26,420 zilizobaki mwanafunzi aliweza kuzitafuta kwa mkopo wa HELB. Watu wengi bado wanazo hesabu hizo kichwani. Lakini mwaka 2023 Serikali ilileta mpango mpya, ambao humpima kila mwanafunzi kwa hali ya nyumba yake, akapewa ufadhili kiasi, mkopo kiasi, na kilichobaki kikalipwa na nyumba. Mpango huo umebishaniwa mahakamani, na hesabu zake zimekuwa zikibadilika. Kwa hiyo mzazi asitegemee alichoambiwa na jirani aliyepeleka mtoto mwaka juzi. Na achukue barua ya mwaka huu ya chuo chenyewe, aisome mpaka chini.

Jambo moja halibadiliki: mwanafunzi asiyeomba ufadhili na mkopo hapewi. Wako vijana wa Nyakach walioitwa vyuoni wakaenda na karo ya muhula mmoja, wakidhani Serikali ingewatafuta yenyewe. Maombi hufanywa na mwanafunzi mwenyewe, na maswali juu ya kazi ya wazazi, idadi ya ndugu wanaosoma, na kama mzazi mmoja amefariki, yajibiwe kwa ukweli na kwa ukamilifu. Kuona aibu kuandika kwamba mama huuza samaki ni kujinyima haki. Mkopo nao ni deni. HELB huudai pamoja na riba ya asilimia 4 kwa mwaka, nao hudaiwa aliyemaliza na asiyemaliza.

Karo ni sehemu tu. Chumba, chakula, nauli, vitabu, sare na vifaa vya karakana havimo katika karo. Yule mvulana akisoma Kisumu aweza kurudi nyumbani mwisho wa juma akachukua unga, mboga na maharagwe. Akisoma Mombasa hawezi. Kwa mtoto wa nyumba yenye fedha tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtoto ambaye mama yake hutegemea soko, gunia la mahindi kutoka nyumbani ndilo litakaloamua kama atafika mwaka wa tatu. Twajua wako watakaosema kwamba kijana yafaa aende mbali aone ulimwengu. Na aende, akimaliza.

Kwa sababu hiyo fanyeni hesabu ya miaka yote, si ya muhula wa kwanza. Andikeni gharama ya mwaka mmoja, mzidishe kwa miaka ya kozi, mtoe mkopo na ufadhili, kisha mtazame kilichobaki na mtoto mwingine anayefuata. Kama hesabu inaonyesha kwamba fedha zitaisha mwaka wa pili, kozi hiyo imekwisha kushindwa hata kabla ya kuanza, na diploma fupi iliyo karibu ni bora kuliko digrii itakayokatika katikati. Basari nazo husaidia, lakini hufika zinapofika, na mtu asizijengee nyumba.

VYUO VYA MLANGONI

Wakati wa matokeo mabango huzuka njiani kama uyoga, toka Ahero mpaka Oyugis. Kila moja laita vijana wenye C, D, na hata wasio na kitu, waje wasomee utabibu, urubani, uandishi wa habari. Vingine ni vyuo vya kweli vya watu binafsi na vyafundisha vizuri. Vingine ni chumba kimoja juu ya duka la dawa.

Dawa ya jambo hili ni kuuliza maswali mawili. La kwanza: Je, chuo hiki kimeandikishwa? Vyuo vya ufundi huandikishwa na TVETA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013, na vyuo vikuu na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. La pili, ambalo wengi hawalijui: Je, kozi hii imekubaliwa na bodi ya kazi yenyewe? Chuo chaweza kuwa halali na kozi yake isiwe na nguvu. Uuguzi una baraza lake, matabibu wana lao, wauza dawa wana bodi yao, na wahandisi yao. Miaka iliyopita wako vijana wa Kenya waliomaliza digrii za uhandisi katika vyuo vikuu vilivyo halali kabisa, kisha wakakuta Bodi ya Wahandisi haikuitambua kozi yao, wakahangaika kwa miaka mahakamani na Bungeni. Basi swali hilo liulizwe kwa bodi, si kwa karani wa chuo anayepokea karo.

Na yule baba mdogo asemaye mvulana arudie mtihani? Shauri lake halikosi maana kwa kila mtu. Kijana aliyekuwa mgonjwa wakati wa mtihani, au aliyekosa shule muhula mzima kwa karo, aweza kurudia akapanda. Lakini huyu wetu alisoma miaka minne bila kukosa, na alama zake zimekaa mahali pamoja tangu kidato cha pili. Mwaka mmoja wa kurudia utamgharimu karo na umri kwa ajili ya pointi moja, ili aombe digrii ambayo, kwa kazi aipendayo, angeweza kuifikia kwa kupitia diploma. Mwenye diploma nzuri huingia digrii akiwa mtu mzima aliyekwisha shika kazi, na vyuo vikuu vingi humsamehe sehemu ya masomo aliyoyasoma tayari.

Pwani yetu ya Ziwa inalo jina moja la kukumbuka katika habari hii. Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, alimaliza shule huko Mang'u, na fedha za kuendelea mbele hazikuwako. Mwaka 1948 akaingia mafunzo ya ukaguzi wa afya huko Kabete, kozi ambayo haikuwa na sifa ya Makerere, akafuzu na kuajiriwa na Halmashauri ya Mji wa Nairobi. Kutoka kazi hiyo aliingia katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1955 akaenda Chuo cha Ruskin, Oxford. Mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa walioongoza safari za ndege zilizowapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani. Leo chuo kikuu kilichoko Homa Bay kinaitwa kwa jina lake, ijapokuwa yeye mwenyewe hakupita njia ya chuo kikuu kama vijana wetu waionavyo.

Sasa turudi kwa wawili wetu. Msichana na ajaze maombi ya KMTC ya uuguzi, na ya digrii ya ualimu katika vyuo vya karibu, na mama yake awaambie wenzake sokoni habari kama ilivyo. Mvulana asingoje. Vyuo vya ufundi hupokea wanafunzi zaidi ya mara moja kwa mwaka. Achukue matatu ya asubuhi aende Kisumu, na nakala ya matokeo yake mfukoni. Aombe kuonyeshwa karakana ya umeme. Atazame kama mashine zinafanya kazi au zimefunikwa turubai, awaulize wanafunzi wa mwaka wa pili wanafundishwa siku ngapi kwa juma na kama walipata mahali pa kufanya mazoezi ya kazi. Aulize karo yote mpaka siku ya kupewa cheti, aandikiwe kwa karatasi. Kisha arudi nyumbani jioni, aketi na baba yake mdogo, amwonyeshe karatasi hiyo, kabla ya mtu yeyote kutoa hata senti moja.